Jua Lipo, Vitamini D Je? Namna ya Kuziba Pengo Bila Kuzidisha

Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya damu vya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, watu wanaoshinda nje kuanzia jua linapochomoza hadi linapotua. Wastani wa vitamini D katika damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha 50 ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa kinatosha. Ukivuka mpaka tu, katika vibanda vilivyobanana vya mitaa ya mabanda jijini Nairobi, madaktari wamekutana na watoto wenye matege yanayotokana na ukosefu wa vitamini hiyohiyo.

Wengi hudhani kwamba mtu anayeishi karibu na ikweta hawezi kupungukiwa na kitu kinachotengenezwa kwa jua. Takwimu zinawapinga. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, ilikusanya tafiti kutoka nchi 23 za Afrika zenye jumla ya watu zaidi ya 21,000. Karibu mmoja kati ya watatu alikuwa chini ya nanomoli 50, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa chini ya 30, kiwango ambacho hakuna mtaalamu anayebisha kuwa ni upungufu. Wanawake, watoto wachanga na wakazi wa mijini walikuwa na hali mbaya kuliko wengine.

Upande wa pili wa habari hii uko kwenye rafu za maduka ya dawa. Tangu janga la korona, vidonge vya vitamini D vinauzwa kama ngao ya kila maradhi, na watu hununua dozi kubwa bila kupima wala kuuliza. Kwa hiyo wapo wanaoihitaji ambao hawaipati, na wapo wanaoimeza kwa wingi ambao hawaihitaji. Mwongozo huu unakusaidia kujua uko upande gani, na la kufanya ukishajua.

Kazi yake katika kinga ya mwili

Mionzi ya jua aina ya urujuanimno B inapogusa ngozi, hugeuza mafuta fulani yaliyomo humo kuwa vitamini D. Ini huibadilisha iwe katika hali inayohifadhiwa na kuzunguka kwenye damu, na hiyo ndiyo maabara hupima. Figo huimalizia kwa kuigeuza kuwa homoni yenye nguvu, ambayo huusaidia utumbo kufyonza kalsiamu kwa ajili ya mifupa. Kazi hiyo ya mifupa inajulikana tangu miaka ya 1920.

Kazi ya kinga iligundulika baadaye. Seli za kinga nazo zina uwezo wa kuimalizia vitamini D zenyewe, palepale zinapopambana na vijidudu. Mwaka 2006 watafiti wa Los Angeles walionyesha jinsi jambo hilo linavyokwenda kwa bakteria wa kifua kikuu. Seli nyeupe inayomeza vijidudu inapomtambua bakteria huyo, huichukua vitamini D kutoka kwenye damu inayoizunguka, huiamsha, kisha huitumia kutengeneza protini ya kumuua. Seli zilipowekwa katika majimaji ya damu yenye vitamini D kidogo, protini hiyo ilitengenezwa kidogo. Watafiti walipoongeza vitamini, utengenezaji ulipanda. Vitamini hiyohiyo pia huzituliza seli za kinga zisivimbishe mwili kupita kiasi.

Hospitalini ushahidi wa hatari ya upungufu ni mzito. Mjini Addis Ababa, utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulilinganisha watoto 500 wenye nimonia na wengine 500 wasio nayo. Miongoni mwa wenye nimonia, asilimia 42 walikuwa na matege. Kwa wasio na nimonia walikuwa asilimia 6.

Ukisoma hayo pekee utakimbilia duka la dawa. Soma na haya pia, maana ndiyo matangazo ya vidonge yanayoyaruka:

- Ulaanbaatar, Mongolia: wanafunzi 8,851 walifuatiliwa kwa miaka 3, nusu wakipewa vitamini D kila wiki. Matokeo ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa maambukizi ya kifua kikuu hayakupungua. Utafiti wa aina hiyo kwa wanafunzi wa Cape Town ulitoa jibu lilelile.
- Dar es Salaam: watu wazima 4,000 wenye virusi vya UKIMWI na vitamini D ya chini, waliokuwa wakianza ARV, walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Vifo na kifua kikuu havikupungua kwa waliopewa vitamini D kuliko kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020.
- Kabul, Afghanistan: watoto wachanga zaidi ya 3,000 walifuatiliwa, nusu wakipewa dozi kubwa kila baada ya miezi mitatu. Nimonia haikupungua.
- Brazili: wagonjwa 240 wa korona waliolazwa walipewa ama dozi moja kubwa ya vitamini D au kidonge kitupu. Dozi hiyo haikufupisha siku zao hospitalini.

Kuhusu mafua na maambukizi mengine ya njia ya hewa, mapitio makubwa ya mwaka 2017 yalikuta nafuu ndogo, hasa kwa waliokuwa na upungufu mkubwa na waliokunywa dozi ndogo kila siku au kila wiki. Mapitio hayo yaliporudiwa mwaka 2025 yakiwa na watu zaidi ya 64,000, nafuu hiyo ilinywea kiasi kwamba haikuweza kutofautishwa na bahati. Habari njema zaidi ilitoka Marekani, ambako watu wazima karibu 26,000 walipewa IU (vizio vya kimataifa) 2,000 kwa siku au kidonge kitupu kwa takriban miaka 5: magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe, kama baridi yabisi, yalipungua kwa asilimia 22.

Chumvi ikikosekana, mchuzi hauliki. Ikishatosha, kijiko cha pili hakiongezi utamu. Hivyo ndivyo ushahidi wa vitamini D unavyosomeka. Mwenye pengo ana sababu nzuri ya kuliziba. Asiye na pengo hanunui kinga ya ziada.

Lipo jambo jingine linalochanganya watu, hata baadhi ya wahudumu. Mtu akiugua ghafla na mwili ukavimba kwa ndani, kiwango cha vitamini D kwenye damu hushuka. Kwa hiyo mgonjwa mahututi kukutwa na kiwango cha chini si uthibitisho kwamba upungufu ndio uliomlaza. Mara nyingine ugonjwa ndio ulioshusha kiwango.

Jipime kwanza kwa maswali

Weka alama kwenye kila sentensi inayokuhusu wewe au unayemtunza.

☐ Unatoka nyumbani alfajiri na kurudi magharibi, na mchana kutwa uko ofisini, kiwandani, dukani au darasani.
☐ Unafanya kazi usiku na kulala mchana, kama walinzi na baadhi ya wauguzi.
☐ Mavazi yako ya kila siku nje ya nyumba yanafunika karibu mwili mzima.
☐ Una mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee, na ndani ya nyumba mnakoshinda jua haliingii.
☐ Una mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo.
☐ Una umri zaidi ya miaka 70, au hutoki kitandani au nyumbani kwa sababu ya ugonjwa.
☐ Una ngozi nyeusi na unaishi Ulaya, Kanada au kaskazini mwa Marekani.
☐ Unaishi Muscat, Dubai au Doha, na joto limekufanya uishi kwenye kiyoyozi.
☐ Una uzito mkubwa kupita kiasi. Vitamini D hujificha kwenye mafuta ya mwili na kupungua kwenye damu.
☐ Una ugonjwa wa ini, figo, utumbo au selimundu.
☐ Unatumia dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabito au kabamazepini, au rifampisini ya kifua kikuu, au dawa za steroidi kwa muda mrefu.

Usipoweka alama hata moja, na ukala vizuri, huna sababu ya kutumia fedha kwa kipimo wala vidonge. Ukiweka moja au mbili, anza na jua na chakula. Ukiweka tatu au zaidi, au ile ya magonjwa au ya dawa hata ikiwa peke yake, au kama unazo dalili zilizotajwa hapa chini, zungumza na daktari kuhusu kipimo.

Dalili za kuzingatia kwa mtoto ni hizi: miguu inayopinda, vifundo vya mikono vilivyonenepa, utosi unaochelewa kufunga, meno yanayochelewa kuota, kuchelewa kutembea, na kuugua kifua mara kwa mara. Kwa mtu mzima ni maumivu ya mifupa yasiyo na sababu ya wazi, na mapaja kuishiwa nguvu anapoinuka kwenye kiti au kupanda ngazi. Uchovu peke yake hausemi kitu. Unaweza kutokana na upungufu wa damu, malaria, kisukari, msongo wa mawazo au kukosa usingizi, na hayo yachunguzwe kwanza.

Kipimo: nani apime, na karatasi isomwe vipi

Miongozo ya mwaka 2024 ya chama cha madaktari wa homoni cha Marekani inashauri kwamba mtu mzima mwenye afya asipimwe vitamini D kama desturi. Ushauri huo unawafaa zaidi watu wa huku kwetu, ambako kipimo chenyewe kina bei na mara nyingi hufanywa na maabara kubwa za mijini. Apimwe mwenye dalili, mwenye ugonjwa unaozuia ufyonzaji, anayetumia dawa zilizotajwa, au mtoto anayeshukiwa kuwa na matege.

Ukiamua kupima, fuata hatua hizi:

1. Omba kipimo cha 25-OH vitamini D. Kipo kingine, cha 1,25, ambacho huonyesha homoni iliyokwisha kumaliziwa na figo. Hicho kinaweza kuwa cha kawaida kabisa hata kwa mtu mwenye upungufu.
2. Subiri upone kama una homa, nimonia au umetoka kufanyiwa upasuaji. Kama daktari hana haraka ya jibu, pima wiki kadhaa baada ya kupona.
3. Mwambie daktari vidonge vyote unavyomeza, vikiwemo vya lishe.
4. Ukipewa majibu, tazama kizio kabla ya namba. Maabara nyingine huandika ng/mL, nyingine nmol/L.

Hatua ya nne ndiyo inayowapoteza wengi. Chukua namba 30. Ikiandikwa "30 ng/mL", una vitamini D ya kutosha. Ikiandikwa "30 nmol/L", uko kwenye mpaka wa upungufu. Namba ni moja, majibu ni mbingu na ardhi. Kubadilisha ni rahisi: zidisha ng/mL mara 2.5, utapata nmol/L.

*KISANDUKU: MAANA YA MAJIBU*

Chini ya 12 ng/mL (30 nmol/L): upungufu. Unahitaji tiba chini ya daktari.
12 hadi 20 ng/mL (30 hadi 50 nmol/L): huenda haitoshi. Rekebisha jua, chakula, au tumia dozi ndogo ya kila siku.
20 ng/mL (50 nmol/L) au zaidi: inatosha kwa watu wengi.
Zaidi ya 50 ng/mL (125 nmol/L): huna faida ya kuongeza. Kama unameza vidonge, punguza au acha.
Zaidi ya 150 ng/mL (375 nmol/L): hatari ya sumu. Nenda hospitali.

Baadhi ya maabara huchapa 30 ng/mL kama mstari wa "kawaida", na mtu mwenye 24 hurudi nyumbani akiamini ni mgonjwa. Wataalamu wamebishana sana kuhusu mstari huo. Mwenye 24 asiye na dalili wala ugonjwa wa mifupa hana sababu ya kupoteza usingizi.

Njia ya kwanza: jua, kwa saa yake

Hapa pana kosa moja lililoenea Afrika Mashariki nzima. Mama anaambiwa amtoe mtoto kwenye jua la asubuhi. Anamtoa saa moja na nusu, amemviringisha shali, kofia kichwani na soksi miguuni, wanakaa barazani dakika kumi. Nia ni njema, lakini mionzi inayotengeneza vitamini D ni kidogo sana saa hiyo, kwa sababu jua likiwa chini angani miale hupita kwenye hewa nyingi na mionzi hiyo huchujwa njiani. Kidogo kinachofika kinakutana na shali.

Kanuni rahisi ni kivuli chako. Simama mahali tambarare. Kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, ngozi inatengeneza vitamini D kidogo sana. Kikiwa kifupi kuliko wewe, inatengeneza vizuri. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hali hiyo huwa takriban kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri.

Kwa mtu mzima mwenye ngozi nyeusi:

1. Chagua muda ambao kivuli ni kifupi. Saa nne na nusu ni nzuri kuliko saa saba, kwa kuwa joto ni dogo.
2. Acha wazi mikono na miguu. Uso pekee ni eneo dogo mno. Mwanamke anayejisitiri anaweza kutumia uwanja wa ndani wa nyumba, roshani iliyofichika au paa la nyumba lenye ukuta.
3. Kaa robo saa hadi nusu saa, mara tatu au nne kwa wiki. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe, maana melanini huzuia sehemu ya mionzi.
4. Ondoka kabla ngozi haijaanza kuwaka. Kuungua hakuongezi vitamini. Ngozi ikishatengeneza ya kutosha huanza kuivunja inayozidi.
5. Usihesabu jua la kupitia kioo. Dereva anayepigwa na jua siku nzima nyuma ya kioo kilichofungwa hapati vitamini D, kwa kuwa kioo huzuia mionzi hiyo.

Mtoto mchanga ana ngozi laini, na jua kali la mchana si mahali pake. Kama kliniki imekushauri umtoe nje, mtoe jua likiwa limepanda kiasi, saa tatu hadi saa nne, kwa dakika chache, mikono na miguu ikiwa wazi, macho na kichwa vikiwa kivulini. Akianza kuwa mwekundu au kuhangaika, mrudishe ndani. Njia ya uhakika zaidi ni matone, nayo yameelezwa hapa chini.

ONYO KWA WENYE UALBINO. Ushauri wote wa kutafuta jua haukuhusu. Ngozi isiyo na melanini hupata vitamini D kwa mionzi kidogo sana, ile inayokufikia katika mizunguko ya kawaida hata ukiwa umevaa kofia na mikono mirefu. Saratani ya ngozi ndiyo hatari yako kubwa. Endelea na mafuta ya kuzuia jua, kama Kilisun yanayotengenezwa Moshi, na usiyaache kwa kisingizio cha vitamini.

Waliohamia kaskazini ya dunia wana hesabu nyingine. Utafiti wa mwaka 1988 ulionyesha kuwa mjini Boston ngozi haitengenezi vitamini D kuanzia Novemba hadi Februari, na mjini Edmonton, Kanada, kuanzia Oktoba hadi Machi. London iko karibu na mstari wa Edmonton. Ukitoka Mombasa au Bujumbura ukaingia huko mwezi wa Oktoba, jua unaloliona angani halitakusaidia hadi majira ya kuchipua. Uingereza inamshauri kila mkazi anywe mikrogramu 10, yaani IU 400, kila siku wakati wa vuli na baridi, na wenye asili ya Afrika wafikirie kunywa mwaka mzima. Fuata ushauri huo. Ni wa bei nafuu na ni salama.

Njia ya pili: chakula

Chakula chenye vitamini D ya maana ni kichache. Samaki wenye mafuta wanaongoza: vibua, jodari, dagaa, na samaki wa kopo wa jamii ya sadini. Kiini cha yai na maini vina kiasi kidogo. Yai moja kubwa lina takriban IU 40, kwa hiyo ungehitaji mayai 15 kwa siku kufikia IU 600, na hakuna anayekula hivyo. Mboga za majani, matunda, ugali, wali na maharage havina.

Angalia lebo kwa makini. Mafuta ya kupikia yanayouzwa Tanzania na Kenya huongezwa vitamini A, na watu huisoma herufi hiyo haraka wakadhani vitamini zote zimo. Baadhi ya siagi za mimea na maziwa ya unga huongezwa D. Kama imo, itaandikwa.

Kalsiamu isisahaulike. Nchini Nigeria madaktari waligundua kuwa watoto wengi wenye matege walikuwa na vitamini D ya wastani, ila chakula chao hakikuwa na kalsiamu, na walipopewa kalsiamu mifupa ilipona. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huleta vyote viwili. Uji wa mtoto ukitiwa unga wa dagaa waliosagwa, au ukipikwa kwa maziwa, unakuwa tofauti kabisa na uji mtupu wa mahindi.

Njia ya tatu: vidonge na matone

*KISANDUKU: DOZI ZA KILA SIKU*

Mikrogramu 1 ni sawa na IU 40.
Mtoto chini ya mwaka 1: IU 400.
Mwaka 1 hadi miaka 70, pamoja na wajawazito na wanaonyonyesha: IU 600.
Zaidi ya miaka 70: IU 800.
Usivuke bila daktari: IU 1,000 kwa mtoto chini ya miezi 6, IU 1,500 kwa wa miezi 6 hadi 12, IU 4,000 kwa kijana na mtu mzima.

1. Soma chupa. Tafuta D3, ambayo hupandisha kiwango vizuri kuliko D2. Kisha tazama dozi ya kidonge kimoja, na kama ni IU au mikrogramu. Kidonge cha mikrogramu 25 ni IU 1,000.
2. Kwa matone, hesabu tone. Chupa nyingine hutoa IU 400 kwa tone moja, nyingine kwa mililita nzima. Mzazi aliyezoea kumpa mtoto kijazo kizima cha kifaa cha kudondoshea, akanunua chupa ya aina nyingine bila kusoma, anaweza kumpa dozi ya mwezi kwa siku moja.
3. Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kwa kuwa vitamini hii hufyonzwa pamoja na mafuta.
4. Kunywa kila siku, dozi ndogo. Australia wanawake wazee walipopewa dozi moja ya IU 500,000 kwa mwaka, walianguka na kuvunjika mifupa zaidi ya wasiopewa. Matokeo hayo ni ya mwaka 2010, na tangu hapo imani ya dozi moja kubwa imepungua sana.
5. Kama ulipimwa ukakutwa na upungufu, rudia kipimo baada ya miezi mitatu hivi. Kabla ya hapo namba haijatulia.

Daktari anaweza kukuandikia kidonge cha IU 50,000 mara moja kwa wiki, kwa wiki nane. Hapo ndipo hutokea ajali mbaya kuliko zote: mgonjwa anafika nyumbani na kukimeza kila siku, kama vidonge vingine. Akiendelea hivyo kwa mwezi mmoja anakuwa amemeza IU milioni 1.5. Andika siku kwenye boksi kwa kalamu, "Jumatatu tu", na umwambie mtu mwingine nyumbani.

Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, kutapika, kukosa choo, udhaifu na kuchanganyikiwa. Figo huweza kuharibika. Jua halileti sumu hii hata siku moja. Inatoka kwenye vidonge, matone na sindano.

Kabla hujameza, muulize mfamasia kama:

☐ Unatumia ARV zenye dolutegravir, kama kidonge cha TLD. Vitamini D yenyewe haina shida, lakini mara nyingi huchanganywa na kalsiamu, chuma au zinki, na madini hayo huzuia dolutegravir kufyonzwa. Meza ARV muda wa saa mbili kabla ya madini hayo au saa sita baada yake. Kama ni kalsiamu au chuma, vinaweza pia kumezwa pamoja na dolutegravir wakati wa mlo. Thibitisha na kliniki yako.
☐ Unatumia dawa za presha za kukojosha kama bendroflumethiazaidi au haidroklorothiazaidi. Zikikutana na vitamini D na kalsiamu nyingi, kalsiamu huweza kupanda.
☐ Unatumia digoksini ya moyo.
☐ Umewahi kuwa na mawe kwenye figo, au figo zako hazifanyi kazi vizuri.
☐ Una kifua kikuu kinachoendelea au sarkoidosisi. Katika magonjwa haya mwili wenyewe huweza kutengeneza homoni hiyo kupita kiasi.
☐ Wewe ni mjamzito na unafikiria mafuta ya ini la samaki. Yana vitamini A nyingi, ambayo ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Chagua vitamini D peke yake.

Pale ambapo vitamini D haina nafasi

Hakuna kidonge cha vitamini D kinachochukua nafasi ya chanjo ya nimonia au surua, ya chandarua, ya ARV au ya dawa za kifua kikuu. Mtoto anayepumua haraka, ambaye kifua kinabonyea kwa ndani anapovuta pumzi, au anayeshindwa kunyonya, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo. Mtoto ambaye miguu yake inazidi kupinda baada ya kuanza kutembea aonwe na daktari mapema, kwa sababu mifupa inayokua hunyooka vizuri tiba ikiwahi.

Na kikohozi kilichofikisha wiki mbili, au kikohozi chochote kwa mwenye virusi vya UKIMWI, kinahitaji kupimwa makohozi. Katika vituo vya serikali vya Tanzania na Kenya, dawa za kifua kikuu hutolewa bure.